Kuhesabu Radi

Mimi pale soko la Uyole mdomo wangu unajulikana. Ukija kuchambua viazi vyangu kama unatafuta mchumba, nitakuambia, na hutasahau. Kwa hiyo msitegemee nisimulie haya kwa upole. Upole wangu uliishia Jumamosi ile juu ya kilima cha shule, nikipiga kelele kwenye simu iliyokwisha kukatwa.

Nianze na mtoto. Anaitwa Happy, ana miaka kumi na saba. Mwaka jana alimaliza kidato cha nne kwenye shule ambayo mwalimu wa fizikia alihama wakiwa kidato cha pili, na hakuletwa mwingine. Wakajisomea wenyewe, kitabu kimoja watu saba. Matokeo yakatoka: fizikia D, hesabu F. Kwa matokeo hayo kidato cha tano ni cha kusikia kwa wenzako. Alilia siku mbili. Mimi sikulia, nilitukana. Nilitukana mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna wageni.

Siku hiyohiyo shemeji yangu Anania akapiga simu kutoka Tunduma. Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Ana baa kule karibu na mpaka, pale malori yanapolala kusubiri kuvuka.

"Shemeji, mlete huyo binti anisaidie kaunta. Shule si imeshamkataa?"

"Mwanangu hawezi kuwamiminia madereva bia."

Akacheka. "Basi niambie anakwenda wapi. Nitajie mahali. Mvua zikiisha kama bado amekaa hapo nyumbani, nakuja kumchukua mwenyewe. Yule ni damu ya kaka yangu, si yako peke yako."

Na ndivyo ilivyo, jamani. Kwetu baba mdogo ni baba. Akija na wazee wawili wa ukoo wakakaa kwenye viti vyangu, mimi mjane nitasema nini? Nilihitaji mahali pa kumtajia. Nilihitaji kama mtu anayezama anavyohitaji pumzi.

Mahali penyewe pakatokea kwenye simu ya mtu kanisani. Kuna kituo Iringa, kule Ipogolo, kinaitwa Sayansi Sebuleni. Wanafundisha kwa mtandao watoto waliokwama kama wangu, wiki nane, bure, kila mtu akiwa kwake. Mwisho wa wiki nane wanachagua kumi. Hao kumi wanahamia Iringa mwaka mzima, wanalala pale, wanakula pale, wanaingia maabara yenye vifaa, wanarudia mtihani, halafu wanapelekwa chuo cha ufundi. Sharti lao moja: somo si la mtoto peke yake, ni la familia. Nusu ya alama anazitafuta mtoto, nusu anazitafuta mzazi.

Nikamwambia Happy, "Sebule yenyewe hatuna. Tuna jiko na chumba."

"Hawatakuja kukagua, mama."

Nikauza mbuzi wangu, nikanunua simu janja.

Kila familia ilitakiwa kuchagua jambo moja la kuchunguza nyumbani. Kulikuwa na familia ya Mafinga inachunguza unga wa mbao, unashika moto vipi. Wengine walichunguza maziwa kuganda. Wengine maharage yaliyooteshwa kabatini. Mwalimu Farhan, kijana mpole wa pale kituoni, alipofika kwetu akauliza, "Na nyie, Mama Happy?" Kabla sijafungua mdomo mtoto akajibu, "Radi."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala.

Lazima niwaambie hili sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Baba yake Happy, Bartholomeo wangu, alikufa kwa radi. Ni miaka mitatu sasa. Tulikuwa shamba kule juu, tunapanda viazi, mvua ikaanza, tukakimbilia kibanda cha bati cha jirani, mimi, yeye na Happy. Mbegu zilibaki wazi shambani. Yeye alisita. Ngurumo ilikuwa inasikika. Mimi nikamwambia, "Iko mbali hiyo, wee Bartholomeo, kimbia ukafunike mbegu, zitaoza." Akakimbia. Hakurudi kwa miguu yake.

Msibani watu walisema ametumiwa. Kwetu radi haiji hivihivi, ina mwenyewe, ina sababu. Anania mpaka leo ana jina la mtu anayemshuku. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikawaacha waseme, kwa sababu maadamu wanamtafuta aliyeituma radi, hakuna aliyeuliza nani alimtuma marehemu. Na mtoto sikumwambia. Siku ile mvua ilikuwa inapiga bati kama watu wanamwaga kokoto, nikajipa moyo kwamba hakusikia.

Sasa mtoto huyo anataka kuichunguza. Nikamfuata jikoni baada ya kipindi.

"Umekosa kitu kingine duniani?"

"Nataka nijue inapigaje, mama. Watu wanasema baba alitumiwa. Nataka nijue."

Nikageukia sufuria, nikaikoroga. Mimi, na mdomo wangu huu.

Basi tukaanza. Jambo lenyewe si gumu, hata wewe unaweza. Ukiona mwanga wa radi unaanza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Mwanga unafika palepale, sauti inatembea pole, mita mia tatu na arobaini kwa kila sekunde. Kwa hiyo sekunde zako unagawanya kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde tisa, radi iko kilomita tatu. Na kanuni kubwa, ambayo Mwalimu Farhan aliirudia kila wiki mpaka nikawa namtania kwamba anasali: sekunde zikipungua chini ya thelathini, unaingia ndani kwenye nyumba ya maana na hutoki. Hakuna mlimani, hakuna uwanjani, hakuna chini ya mti. Unakaa mpaka ipite nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mara ya kwanza nilihesabu nikiwa chini ya blanketi. Happy alinicheka mpaka akakaa chini. Mara ya tatu nikatoa kichwa. Wiki ya tano nikawa nimekaa kwenye kigoda katikati ya jiko, nahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na yeye anaandika. Alikuwa amechora jedwali kwenye daftari kubwa: tarehe, saa, sekunde, umbali. Safu nne, ndizo walizoagizwa. Yeye akachora na ya tano. Hiyo alikuwa anaifunika kwa kiganja kila nikisogea.

"Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu, mama."

Nikadhani ni jina la mvulana. Nikamwambia huyo mvulana kama anasoma fizikia aje anisaidie kubeba viazi. Akatabasamu, akafunga daftari.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwalimu Farhan alilifundisha wiki ya pili. Alisema simu ya mkononi haivuti radi. Ukiwa ndani, na simu haiko kwenye chaji, ongea utakavyo. Mimi nilikubali. Jaribio lilipokuja niliulizwa, nikajibu, nikapata vema. Lakini kwetu, tangu nimezaliwa, ikinguruma tunafunika vioo, tunavua chochote chekundu, siku hizi tunazima simu. Bartholomeo alikuwa na simu mfukoni siku ile. Nilipewa ikiwa imeyeyuka. Kichwa changu kilimwamini Mwalimu Farhan, lakini mikono haijawahi kusoma kwake.

Sasa Jumamosi ya mwisho.

Zamu yetu ilikuwa saa tisa na nusu mchana. Dakika kumi za mtoto kueleza, halafu mzazi anaulizwa peke yake. Ukikatika, unaruhusiwa kurudi mpaka saa kumi na moja kamili. Baada ya hapo kikao kinafungwa, basi. Wiki hiyo Anania alikuwa amepiga tena, akasema Jumatano anashuka na Fuso, anapitia kwetu. Kwa hiyo nilijua nimesimama wapi. Jumamosi kupata, Jumatano kumtajia Iringa usoni. La sivyo, Tunduma.

Nilimvalisha Happy sweta langu la kanisani. Simu tukaiegemeza kwenye dirisha la jikoni, ndipo mtandao unaposhika. Mwalimu Farhan akatokea, na wazee wawili pembeni yake, jopo lenyewe. Happy akaanza. Jamani, mtoto alikuwa anaongea! Alikuwa ananyoosha kidole kwenye jedwali, anasema wastani, anasema kosa la kipimo, maneno ambayo hata sijui aliyatoa wapi. Mzee mmoja wa jopo alivua miwani kabisa. Nikasema moyoni, Mungu wangu, tumepata.

Ndipo jiko lote likawa jeupe.

Sikuhesabu. Hata moja sikufika. Ngurumo ilipopasuka nilikuwa tayari nimeshaikwapua simu dirishani, nimebonyeza nikaizima, nimeifunga kwenye kanga, nimeifukia kwenye debe la unga, nimefunika. Halafu nikamvuta mtoto kichwa nikakificha kifuani. Yote hayo sijui kama yalichukua pumzi mbili.

Mvua ikaanza kuteremka.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, umefanya nini?"

Nikaangalia debe. Hapo ndipo akili ilirudi, na iliporudi nilitamani isingerudi.

Tukaifukua. Tukaipangusa unga kwa sweta la kanisani. Ikachelewa kuwaka, ile alama yao ya kuwakia inazunguka, inazunguka, naisemesha kwa Kinyakyusa na Kiswahili. Ilipowaka umeme ulikuwa umekatika, na kwetu umeme ukikatika mnara nao unalala. Hakuna mtandao. Nikaiinua dirishani, nikapanda juu ya kigoda, nikaizungusha kama kipofu anayetafuta mlango. Hakuna.

Saa kumi kasoro dakika kumi.

Happy alikaa chini na daftari. Mwanga ukapiga. Akahesabu taratibu. "Nane." Akaandika. "Tusubiri, mama. Inaweza kuhama."

Tukasubiri. Sijawahi kusubiri kitu vile, hata uchungu wake nilipomzaa. Saa kumi. "Saba." Saa kumi na dakika tano. "Tisa." Nikafurahi, nikasema inaondoka. "Sita." Saa kumi na robo, "Sita." Mvua ilikuwa inamwagika tu, na ile saa ya ukutani, ya betri, inatembea kwa raha zake.

Kwetu mnara ukilala kuna mahali pamoja tu pa kupata mtandao, kwenye kilima nyuma ya shule ya msingi. Ukisimama pale juu kabisa, unaiona Uyole yote chini, na unashika mnara wa kule. Ni dakika kumi kwa mguu. Nilikuwa ninakiwaza tangu saa kumi kasoro, na Happy alikuwa anajua kwamba ninakiwaza.

Nilipovua kanga ya kiunoni nikaanza kuifunga simu kwenye nailoni, akasimama mlangoni.

"Hapana."

"Toka hapo."

"Mama, sita. Ni kilomita mbili. Ni mlimani. Hapana."

"Kwa hiyo nikae? Nikae nikuangalie Jumatano unapanda Fuso?"

"Nitapanda."

"Hutapanda! Mimi nimeiharibu, mimi nitaitengeneza!"

"Nitapanda, mama, sijali, nitauza bia, nitauza chochote, usitoke nje!" Alikuwa amebandika mgongo kwenye mlango, analia mdomo wazi, vile alivyokuwa analia akiwa na miaka miwili. "Walisema thelathini. Tumehesabu wiki nane. Thelathini!"

"Nipe daftari."

Akalikumbatia. "Daftari silitoi."

Ningemsikiliza. Kila siku naamka nasema, ungemsikiliza, Faustina. Lakini nilikuwa namwona mwanangu nyuma ya kaunta, dereva amemshika mkono, na mkono niliokuwa naulaumu ni wangu, ule uliozima simu. Nikamsukuma. Mtoto wangu, nikamsukuma akaangukia magunia ya viazi. Nikatoka, nikavuta mlango, na kwa kuwa nilijua atanifuata, nikabana kufuli kwa nje.

Alipiga mlango mpaka nilipofika kwenye kona ya jirani yetu Baba Rabson. Baada ya hapo sikusikia, au mvua ilifunika.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa nalia, ninateleza, ninamsema Bartholomeo kwa nini hakunikatalia siku ile. Kila mwanga nilikuwa nahesabu, mdomo wenyewe unahesabu, umeshazoea. Tano. Tano. Kwenye miti ya mikaratusi nikazunguka mbali, hiyo nayo niliikumbuka. Nne. Nilipofika juu simu ikaonyesha vimstari viwili vya mtandao. Viwili! Nikabonyeza, ikaita, ikaita.

Saa kumi na dakika thelathini na sita, Mwalimu Farhan akatokea.

"Mama Happy! Tulidhani tumewapoteza. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mwalimu, yuko salama, ameshaeleza, sasa ni zamu yangu. Niulize. Niulize haraka."

Akageuka kuwatazama wenzake. Yule mzee wa miwani akatikisa kichwa kukubali. Akaniuliza sauti inatembea mita ngapi kwa sekunde. Nikajibu. Akaniuliza kwa nini tunagawanya kwa tatu. Nikajibu, na mfano juu, nikimwambia kama mtu anatembea hatua tatu kumaliza kilomita yake. Akacheka kidogo. Akaniuliza ni lini tulipata kipimo kibaya na kwa nini. Nikamwambia wiki ya tatu, radi mbili zilifuatana tukachanganya ngurumo ya moja na mwanga wa nyingine. Nilikuwa najibu jamani! Mimi niliyeishia darasa la saba, najibu, maji yananiingia mdomoni, najibu.

"Swali la mwisho, Mama Happy. Kanuni ya kwanza ya usalama?"

"Zikipungua thelathini, hakuna kutoka nje. Hakuna kusimama uwanjani, hakuna mlimani, hakuna chini ya mti, mpaka ipite nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho."

Nikasema yote bila kupumzika. Mwanga ukapiga, dunia nzima ikawa nyeupe, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe, "Moja, mbili..."

Ngurumo ilinitupa magoti chini kwenye tope. Simu sikuiachia.

Nilipoinua uso, Mwalimu Farhan alikuwa amesimama. Alikuwa amesogea karibu, ananiangalia nyuma yangu, anaona mawingu na nyasi.

"Mama Happy, uko wapi?"

"Kilimani, mwalimu, nyuma ya shule. Nyumbani mtandao..."

"Umehesabu ngapi?"

"Mbili."

"Shuka hapo! Shuka sasa hivi, ingia darasani hapo chini. Nakata."

"Usikate! Mwalimu, usikate, nimejibu yote, niambie kwanza..."

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga kelele peke yangu kule juu, maneno ambayo hata sokoni siyatumii.

Nilishuka kwa matako zaidi kuliko kwa miguu. Darasani sikuingia, nilikimbilia nyumbani, nikafungua kufuli. Happy alikuwa amekaa sakafuni usawa wa dirisha, daftari mapajani, kalamu mkononi. Aliniangalia. Hakusimama. Nikamwambia, "Nimejibu yote, mwanangu. Yote." Akafunga daftari, akaenda kulala, saa kumi na mbili kasoro, na nguo zake.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Farhan alipiga simu. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza habari za mtoto. Nikamwambia aseme tu.

"Alama za Happy ni za juu kuliko za mtoto yeyote msimu huu. Nimemtetea mpaka mwisho. Lakini upande wa familia jopo limetoa sifuri."

"Sifuri? Nilikosa swali gani?"

"Hukukosa hata moja, mama. Ndiyo sababu. Ulikuwa unaijua kanuni ukiwa umesimama palepale inapokatazwa. Wazee wanasema wakikupa alama, msimu ujao wazazi wote watapanda vilima."

"Na mwanangu?"

"Nafasi kumi zimejaa. Samahani sana, Mama Happy. Msimu ujao unaanza Desemba, jina lake nitaliweka la kwanza."

Desemba! Anania ni Jumatano. Nilimwambia mambo ambayo yule kijana hakustahili. Halafu nikakaa juu ya gunia. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, na mtoto ndiye anayekula.

Lakini mimi si mtu wa kukaa. Jumanne alfajiri niliamka nikiwa nimeshapanga: napanda basi, nakwenda Ipogolo, naingia pale kwao na daftari la mtoto, nalibwaga mezani mbele ya wale wazee. Waangalie kazi ya wiki nane, mistari zaidi ya mia, wanieleze kama familia hii haijaelewa somo. Nikamwomba Happy daftari. Nilidhani atakataa tena. Alikuwa anakunja nguo zake kwenye mfuko, akalichukua akanipa bila kuniangalia.

"Chukua."

Pale Uyole basi lilichelewa. Nikanunua chai, nikakaa kwenye benchi la mama ntilie, nikalifungua daftari ili nijipange nitaanza na ukurasa gani.

Safu ya tano juu yake ilikuwa imeandikwa: *Aliye nje.*

Mstari wa kwanza kabisa haukuwa wa wiki ya kwanza ya somo. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, tarehe ninayoijua. Kwenye sekunde aliandika, *Hatukuhesabu.* Kwenye umbali aliandika, *Mama alisema iko mbali.* Aliye nje: *Baba.*

Nikasoma tena. Chai ilinimwagikia mapajani, sikuisikia.

Halafu mistari ya somo inaanza. Sekunde kumi na nne, aliye nje, *hakuna.* Sekunde ishirini, *hakuna.* Kumi na moja, *hakuna. Hakuna. Hakuna.* Kurasa na kurasa, mwandiko mzuri, wiki nane za mvua za Mbeya, na kila radi moja mtoto alikuwa ameangalia kwanza kama mimi niko ndani, ndipo akaandika.

Ukurasa wa mwisho mwandiko ulikuwa umeharibika. Tano, *Mama.* Tano, *Mama.* Nne, *Mama.* Nne, *Mama.* Mbili, *Mama.* Chini yake kulikuwa na mistari tupu aliyokuwa ameichora kwa rula, na kwenye safu ya tano peke yake, mstari baada ya mstari, bila sekunde, bila umbali: *Mama. Mama. Mama.* Hakuwa anahesabu tena.

Basi likaingia. Konda akaanza kuita, Makambako, Mafinga, Iringa. Akanijia, "Mama, Iringa? Nafasi ya dirishani ipo." Mimi nimekaa na daftari. Ningewabwagia nini wale wazee? Waliuliza kama familia imeelewa, na jibu ndilo hilo, nimelishika mkononi.

"Nenda tu, baba," nikamwambia.

Nikampigia Anania palepale.

"Jumatano usije."

"Umepata mahali pa kumtaja?"

"Sina. Amekosa, na mimi ndiye niliyemkosesha. Lakini usije."

"Shemeji, nitakuja na wazee."

"Njoo nao. Na wao nitawaambia nani alimtuma kaka yako shambani. Muache kumtafuta mchawi."

Nikakata kabla mdomo haujaniishia nguvu.

Nilipofika nyumbani Happy alikuwa amemaliza kufunga mfuko, ameuweka mlangoni. Nikakaa sakafuni, pale alipokuwa amekaa yeye Jumamosi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea.

"Mwanangu, siku ile ya baba yako. Mimi ndiye..."

"Najua, mama," akasema. "Nilikuwepo."

Akalichukua daftari mikononi mwangu, akalipangusa chai kwa kiganja, akaja akakaa karibu yangu.